Uzi maalumu: Chumba cha maandalizi ya maabara ya shule, tupeane mbinu za kazi

#1 MshikaBureti (mleta uzi)

Wakuu, salamu. Nina miaka kumi na minne nikiwa fundi wa maabara shuleni, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeimalizia kwenye chumba ambacho wanafunzi hawakioni: kile kidogo cha nyuma chenye sinki, mizani, makabati na trei. Nyuzi za kufundisha sayansi ni nyingi, ila kazi ya chumba hiki haisemwi. Anayeipokea huikuta peke yake, aliyemtangulia kashaondoka na kila kitu kichwani mwake.

Nianze na ninaloliamini kuliko yote: praktiko, yaani kipindi cha majaribio ya vitendo, hufanyika jana. Wanafunzi wanapoingia asubuhi, kufaulu au kuharibika kwake kulishaamuliwa jioni iliyopita. Kwa hiyo nina sharti moja nisilolivunja. Hakuna kitu kinachotoka chumbani kwangu ambacho sijakifanya mwenyewe, kwa chupa ileile watakayotumia, kwa maji yaleyale, mpaka nipate jibu. Kusoma maelekezo kitabuni hakutoshi.

Nililijifunza vibaya. Mwaka wangu wa kwanza niliandaa praktiko ya amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga, na wanga wenyewe. Daftari la mwaka uliopita lilisema wanga unakwisha ndani ya dakika tano, nami nikaamini. Amilesi ile ilikuwa imekaa kabatini miezi mingi kwenye joto na nguvu yake ilishapotea. Wanafunzi walidondosha ayodini kipindi kizima, kila tone likigeuka bluu nyeusi, yaani wanga bado upo, kila mmoja akidhani kosa ni lake. Binti mmoja alifuta jedwali lake mara tatu. Sijamsahau. Jaribio la dakika kumi jana yake lingetosha kuliokoa darasa zima.

Jambo la pili ni karatasi ya maombi. Mwalimu aijaze angalau siku tatu kabla: praktiko ipi, kipindi kipi, vikundi vingapi, ukolezi gani. Maombi ya mdomo kwenye korido siyapokei, hata kwa rafiki yangu. Hapo mimi si mkali. Neno la koridoni hupotea, na likipotea anayeumia ni mwanafunzi.

La tatu ni daftari. Kila nilichoandaa nakiandika: gramu ngapi, ujazo gani, jaribio langu lilitoa nini, nini kilibaki, nini kilivunjika. Daftari ni la chumba, haliondoki na mtu.

Karibuni, kila mwenye mbinu aiweke hapa.

#2 Mwl_Kemia

Mkuu, asante kwa uzi huu. Mimi nipo upande wa pili wa mlango, nafundisha. Nakiri kwamba kwa miaka nilidhani miyeyusho inajitengeneza. Fundi wetu alipougua wiki mbili ndipo nilipojua kazi iliyopo. Tafadhali fungua sehemu ya miyeyusho kwa undani, maana hapo ndipo tunapoharibu sana.

#3 MshikaBureti

Mwalimu, hiyo ndiyo sehemu yenyewe, niipe nafasi.

Kwanza piga hesabu ya kiasi kabla ya kugusa mizani. Mwanafunzi wa taitresheni (kupima ukolezi wa myeyusho kwa kuutilia mwingine tone kwa tone kutoka kwenye bureti, mrija wa kioo wenye vipimo na bomba) anayetumia pipeti ya ml 25 atahitaji mizunguko mitatu, pamoja na kusuuza pipeti, pamoja na kumwaga kwa bahati mbaya. Mimi humhesabia ml 150. Wanafunzi 40 ni lita 6. Ongeza lita moja ya akiba, lita 7. Sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M (M ni moli kwa lita) inataka gramu 4 kwa lita, kwa hiyo unapima gramu 28.

Sasa, hizo lita 7 zikusanye kwenye chombo kimoja kikubwa chenye mfuniko, koroga, ndipo ugawe kwenye chupa. Ukitengeneza lita moja moja mara saba, una miyeyusho saba tofauti yenye lebo moja. Tofauti yake ni ndogo, lakini kwenye bureti inaonekana. Wa meza ya mbele wanapata 24.6, wa nyuma 25.3, na mwalimu anashindwa kujua nani kafanya sawa.

Asidi kali: asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Kila mtu anaujua wimbo huu, ila wachache wanajua sababu. Asidi ya salfuriki ikikutana na maji hutoa joto jingi, nayo ni nzito kuliko maji. Ukimimina maji juu yake, yanaelea pale juu, yanachemka papo hapo na kurusha asidi usoni kwako. Ukimimina asidi polepole kwenye maji mengi huku unakoroga, joto linapata pa kwenda. Miwani ya kinga, glavu, koti, hata ukiwa peke yako chumbani. Hasa ukiwa peke yako.

Kwa kumbukumbu: asidi ya haidrokloriki ya dukani ya asilimia 37 ni karibu 12 M, ya salfuriki ya asilimia 98 ni karibu 18 M, ya naitriki ya asilimia 70 ni karibu 16 M, ya ethanoiki isiyo na maji ni karibu 17 M. Ukitaka lita moja ya haidrokloriki ya 0.1 M, chukua kama ml 8.5. Nasema "kama" kwa sababu chupa iliyofunguliwa mara nyingi hupoteza gesi yake, basi usiiamini kwa taitresheni mpaka uipime kwa sodiamu kaboneti safi.

Miyeyusho mingine ina tabia zake. Sodiamu haidroksaidi hupata joto inapoyeyuka, na flaski ya ujazo imepimwa kwa nyuzi 20, basi iache ipoe kwanza ndipo ufike kwenye alama. Iweke kwenye chupa ya plastiki, maana kizibo cha kioo kitaganda humo. Potasiamu pamanganeti ya 0.02 M ni gramu 3.16 kwa lita, na rangi yake nzito huficha fuwele ambazo hazijayeyuka: tumia maji ya vuguvugu, inamisha chombo, angalia chini kabisa. Ayodini haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Yeyusha kwanza gramu 2 za potasiamu ayodaidi kwenye maji kidogo, tia gramu 1 ya ayodini humo, ikishayeyuka yote ongeza maji mpaka ml 300. Hiyo inafaa sana kupimia wanga. Chumvi ya chuma mbili, yaani chuma(II) salfeti ya kijani, iyeyushe asubuhi ileile ndani ya asidi ya salfuriki hafifu, vinginevyo mchana utakuta maji ya kahawia ambayo si chuma mbili tena. Wanga ni wa siku chache tu. Kanda gramu 1 na maji baridi, mimina kwenye ml 100 za maji yanayochemka. Ukiona wingu au harufu, mwaga.

Na silva naitreti: chupa ya kahawia, na maji ya distili tu. Ukiona imefanya ukungu mweupe wakati unaitengeneza, maji yako yana kloraidi. Hapo pana njia nzuri ya kuyapima maji yenyewe: chukua kidogo kwenye testitubu, tia matone ya asidi ya naitriki hafifu, kisha matone mawili ya silva naitreti. Yakibaki maangavu, una maji. Yakifanya ukungu, una maji ya bomba kwenye dumu lililoandikwa distili. Limenitokea zaidi ya mara moja.

Lebo iwe na jina kamili, ukolezi, tarehe, herufi za aliyetengeneza, na onyo. Iandike kabla ya kumimina.

#4 MgeniStoo

Shikamooni wakubwa. Nimeanza kazi hii mwezi uliopita na chumba nilichokuta hakina daftari wala mtu wa kuuliza. Baada ya kusoma #1 nimejaribu mwenyewe praktiko ya wiki ijayo: sodiamu kaboneti ya 0.05 M dhidi ya haidrokloriki ya 0.1 M, kiashiria methili oranji, pipeti ya ml 25. Nilitegemea bureti isome 25. Napata 9.7, 9.7, 9.8. Nimetengeneza asidi upya mara mbili, hakuna kinachobadilika. Gramu 5.3 kwa lita nilipima kwa uangalifu sana. Nakosea wapi?

#5 MshikaBureti

Marahaba, na usivunjike moyo. Majibu yako yanakaribiana, 9.7, 9.7, 9.8. Mkono wako uko sawa. Kosa liko kwenye chupa.

Nieleze: ile sodiamu kaboneti ni unga mweupe laini, au ni vipande vya fuwele kama vioo vyenye vumbi jeupe juu? Nadhani ni fuwele. Gramu 5.3 ni hesabu ya kaboneti kavu, isiyo na maji, ambayo moli yake ni gramu 106. Yenye maji kumi ndani ya fuwele, moli yake ni gramu 286. Ukipima gramu 5.3 za hiyo, umepata 0.0185 M badala ya 0.05, na bureti ingesoma kama 9.3. Wewe umepata 9.7, juu kidogo, na hilo nalo lina maana: fuwele hizi zikikaa hewani hupoteza maji taratibu. Lile vumbi jeupe juu yake ndiyo sehemu iliyokwisha kukauka.

Ndiyo maana usijaribu kurekebisha kwa kupima gramu 14.3. Hujui ni maji kiasi gani yamebaki. Kaushe kabisa: weka kwenye bakuli la kauri, pasha moto mdogo. Itayeyuka kwanza ndani ya maji yake yenyewe na kurukaruka, kwa hiyo moto mdogo na miwani. Ikishakuwa unga mkavu ongeza moto, kisha iache ipoe kwenye chombo kikavu kilichofunikwa, pima, pasha tena, poza, pima. Uzito ukiacha kubadilika, umeshapata gramu 106 kwa moli. Pima 5.3 zako hapo.

Kopa salfeti ina mtego huohuo: ya bluu ni gramu 249.7 kwa moli, nyeupe iliyokaushwa ni 159.6. Soma lebo mpaka mwisho, mpaka kwenye kile kinukta na H₂O.

#6 RafuYaTatu

Uzi mzuri. Mimi nina swali la kupanga stoo. Nilikuta vurugu, nikapanga chupa zote kwa alfabeti kuanzia A hadi Z. Mtu yeyote akiingia anapata anachotaka ndani ya dakika moja. Mkaguzi mmoja aliniambia nivunje huo mpangilio na hakuniambia kwa nini. Nilikasirika. Je, kweli alfabeti ina ubaya gani?

#7 MshikaBureti

Ndugu yangu, kazi uliyofanya si ya kudharauliwa, kuikuta vurugu na kuimaliza si mchezo. Lakini mkaguzi alikuwa sahihi, na alipaswa kukueleza.

Angalia rafu yako ya A. Kwa Kiswahili asidi zote ziko hapo, bega kwa bega: asidi ya ethanoiki na asidi ya naitriki. Ya naitriki ni kioksidishaji kikali, yaani huchochea vitu vingine kuungua, ya ethanoiki inashika moto. Chupa mbili zikipasuka pamoja, una moto ambao umeupanga mwenyewe. Ukienda kwa majina ya kigeni mambo hayabadiliki, herufi zitakutanisha tu maadui wengine. Amonia nayo ikikaa karibu na haidrokloriki, utaona ukungu mweupe na unga mweupe kwenye shingo za chupa zote. Hiyo ni amoniamu kloraidi, ishara kwamba zinavuja na kukutana.

Panga kwanza kwa tabia, alfabeti baadaye ndani ya kila kundi. Vinavyoshika moto, yaani ethanoli, asetoni na wenzao, kwenye kabati lao la chuma, mbali na swichi na jua. Asetoni mvuke wake hushika moto hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo chumba chochote kwake ni cha joto. Vioksidishaji, yaani naitreti, pamanganeti, peroksaidi, viwe peke yao. Asidi ziwe chini, usawa wa magoti, kila chupa ndani ya trei ya plastiki. Naitriki kwenye trei yake peke yake. Besi mbali na asidi. Sodiamu na potasiamu chini ya mafuta, kwenye kabati kavu lisilo karibu na sinki. Chumvi za kawaida unaweza kuzipanga kwa alfabeti utakavyo, na ndizo nyingi. Kazi yako haijapotea. Bandika ramani ya makabati mlangoni, ile dakika moja utaipata vilevile.

Niongeze la chupa kuukuu, maana stoo za shule ni makaburi ya vitu ambavyo hakuna aliyethubutu kuvitupa. Ukikuta asidi ya pikiriki iliyokauka, au etha ya zamani yenye fuwele shingoni, usiifungue, usiisogeze. Funga mlango, waite wenye mamlaka ya kemikali hatari. Vyote viwili vinaweza kulipuka kwa kusuguliwa tu. Potasiamu yenye ganda la njano au la machungwa usiikate kwa kisu, kwa sababu ganda lile ni oksidi inayoweza kulipuka pamoja na metali iliyo chini yake. Nyavu za kuwekea bika zenye duara jeupe la asbesto zitoe kwenye matumizi, zifungie kwenye mfuko, tafuta zenye kauri. Benzeni na kaboni tetrakloraidi hazina kazi tena shuleni.

Zebaki nayo. Mkataba wa Minamata ulipitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017 kwa sababu zebaki haina usalama wa kuaminika. Vipimajoto vya pombe vinatosha kwa praktiko karibu zote. Cha zebaki kikivunjika usifagie, ufagio unaisambaza kuwa vitone visivyoonekana. Toa wanafunzi, fungua madirisha, kusanya vitone kwa karatasi ngumu na sindano isiyo na ncha, weka kwenye chupa yenye maji na mfuniko, nyunyiza unga wa salfa kwenye nyufa.

#8 SumakuNaDira

Naona kemia imeteka uzi, niingize fizikia. Huku hakuna mlipuko, ila kuna kufa kimyakimya kwa vifaa.

Betri: zipime zikiwa na kazi. Voltimita peke yake itakuambia 1.5 kwenye betri iliyochoka, lakini ukiiwekea balbu inazimika. Mimi huwasha balbu sekunde chache huku nasoma voltimita, ikiporomoka naitoa. Na usiziache ndani ya vifaa likizo nzima, zikivuja zinakula miguu ya shaba.

Nyaya: kila baada ya praktiko pitisha kila waya kwenye betri na balbu. Nusu ya "mzunguko umegoma" ni waya uliokatika ndani ya plastiki. Waya mbovu usiurudishe kwenye boksi. Ukiurudisha, mtoto mwingine atapoteza dakika ishirini kesho.

Sumaku zihifadhi mbilimbili, ncha ya kaskazini kando ya kusini, zikiwa na vipande vya chuma mwishoni. Dira weka kabati jingine kabisa. Nimeona dira kumi na mbili ambazo tano zinaonyesha kusini, kwa sababu zililala boksi moja na sumaku. Huponywa kwa sumaku yenye nguvu, lakini lazima uzikague zote kabla ya kipindi.

Lenzi zilizochanganyika: simama mbali na dirisha, tupa picha ya nje kwenye ukuta au karatasi, pima umbali kutoka lenzi hadi picha. Hiyo ndiyo fokasi yake, kwa makadirio ya kutosha kuzipanga. Andika kwenye bahasha yake.

Na kuhesabu. Nilichonga sponji nene, kila kifaa kina shimo lake. Kengele ikilia naangalia trei mara moja, shimo tupu linaniita. Hakuna mwanafunzi anayetoka kabla shimo halijajaa.

#9 MshikaBureti

Hiyo ya sponji naichukua leo leo. Sijawahi kuifikiria kwa saa na lenzi.

#10 Hadubini40

Niongezee baiolojia, kwa ufupi, ingawa ile ya amilesi ya #1 imenigusa, maana kwetu vitu vyote vina uhai na vina hiari yao.

Vimeng'enya viwe kwenye friji, na friji hiyo isiingie chakula cha mtu yeyote hata siku moja. Etha na vimiminika vya mvuke mwepesi visiingie pia, swichi ya ndani ya friji ya kawaida hutoa cheche.

Jani na wanga: mmea ukae gizani saa 24 hadi 48 ndipo wanga uishe, na usiamini kalenda, chuma jani moja ulijaribu. Kutoa klorofili, wengi bado wanachemsha ethanoli juu ya moto. Jamani, acheni. Ethanoli huchemka nyuzi 78, na mvuke wake hushika moto kuanzia kama nyuzi 13. Zima vichomeo vyote, leta maji ya moto kutoka kwenye birika, weka bika la maji hayo mezani, testitubu ya ethanoli na jani ndani yake. Inatosha kabisa. Gawa ethanoli kidogo kidogo kwenye chupa zenye vizibo, ile kubwa ibaki kwako.

Bakteria: pika vyombo na agari (jeli ya kuwaoteshea) kwenye sufuria ya presha, nyuzi 121, dakika 15. Otesha kwenye nyuzi zisizozidi 25, kwa sababu ukipandisha hadi 37 unawakaribisha wale wanaopenda mwili wa binadamu. Sahani zikishafungwa kwa utepe zisifunguliwe tena na mwanafunzi, na kabla ya kutupwa zipikwe upya.

Hadubini: mkono mmoja kwenye shingo, mwingine chini ya kitako. Ihifadhi na lenzi fupi ikiwa chini, si ndefu. Karatasi ya lenzi tu, si shati.

#11 Mwl_Kemia

Swali la uoshaji na taka. Tukimaliza praktiko, mimi humwaga sinki na kufungua maji mengi. Nahisi si sahihi.

#12 MshikaBureti

Baadhi ni sahihi, mwalimu. Asidi na besi hafifu unaweza kumwaga ukishazisawazisha, sodiamu kaboneti kwenye asidi mpaka mapovu yaache, kisha maji mengi. Lakini shaba, risasi, bariamu, kromati na fedha havina ruhusa ya sinki. Kila kimoja kina dumu lake lenye lebo, na dumu huondoka na watu wa kutupa taka hatari. Vimiminika vya mafuta na ethanoli chafu vina dumu lao.

Moja nikuombe ulisikilize kwa makini: kitendanishi cha Tollens, kile kinachoacha tabaka la fedha kama kioo ndani ya testitubu, hakihifadhiwi. Hata usiku mmoja. Kikikaa hutengeneza mchanganyiko wa fedha na naitrojeni unaolipuka ukiguswa. Tengeneza kidogo kinachotosha kipindi, na kipindi kikiisha tia asidi hafifu kwenye kila testitubu, saa ileile, ukiwa mwenyewe hapo. Nimewahi kukuta mzigo wa testitubu hizo kwenye trei baada ya wikendi, zimeachwa na mtu aliyedhani ananisaidia kuokoa fedha. Mikono ilinitetemeka.

Dawa za kusafishia sakafu zenye klorini zisikutane na asidi wala amonia. Mwambie na anayesafisha chumba, yeye ndiye anayepata madhara na ndiye asiyeambiwa.

Madoa: ya kahawia ya pamanganeti huondoka kwa peroksaidi iliyotiwa asidi kidogo, kioo cha fedha kwa naitriki hafifu, ukungu wa maji ya chokaa kwa haidrokloriki hafifu, ayodini kwa thayosalfeti. Bureti iliyobeba haidroksaidi isuuze siku hiyohiyo kwa maji, kisha asidi hafifu, kisha distili, itundike kichwa chini na bomba lake wazi. Ukiiacha hadi kesho bomba la kioo linaganda na hakuna nguvu itakayolifungua salama.

Na elektrodi ya pH: isilale kwenye maji ya distili. Iwe kwenye potasiamu kloraidi ya 3 M.

#13 RafuYaTatu

Mkuu, na jicho? Kuna mwanafunzi alipata tone la asidi, mwenzake akakimbilia kutafuta besi ya kusawazisha.

#14 MshikaBureti

Hapana, kamwe. Maji ya bomba yanayotiririka, angalau dakika 20 ukiangalia saa, kope zikishikwa wazi, huku mtu mwingine akiita msaada. Kusawazisha huongeza joto na jeraha la pili. Ngozi ni hivyohivyo. Mtu asitolewe bombani baada ya dakika tatu kwa sababu maumivu yamepungua. Fungua bomba la macho kila wiki uone maji yanatoka, nayo yawe safi, si ya kutu.

#15 MgeniStoo

Wakubwa, nimerudi. Nilipasha kaboneti mara tatu mpaka mizani ikaacha kushuka. Ilikuwa kama alivyosema #5, vipande vya kioo na vumbi jeupe, na lebo ilichanika palepale kwenye kinukta. Leo jioni nimejaribu tena: 24.9, 25.0, 25.0. Nimekaa chini nikaitazama bureti muda mrefu. Nimeandika yote kwenye daftari jipya, ukurasa wa kwanza.

Wakati natafuta bakuli nimekuta nyuma ya kabati la juu chupa ya kioo ya kahawia isiyo na lebo, kama nusu lita, kimiminika kisicho na rangi. Nilifikiri niifungue ninuse nijue ni nini.

#16 MshikaBureti

24.9, 25.0, 25.0! Hongera sana, kwa moyo wote. Hiyo praktiko yako iko tayari, na wanafunzi hawatajua ni jioni ngapi ilikugharimu.

Chupa hiyo usiinuse na usiifungue. Tazama shingoni bila kuigusa: kuna fuwele, ukoko, au chini kuna tabaka? Ukiona lolote kati ya hayo, iache palepale, funga chumba, toa taarifa kwa mkuu wa shule na wenye mamlaka ya kemikali. Ikiwa ni safi na imefungwa vizuri, kesho asubuhi mtu wa pili akiwepo, vaa miwani na glavu, ishushe kwa mikono miwili ndani ya trei ya plastiki, uiweke chini mbali na moto, ubandike karatasi: HAIJULIKANI, tarehe, mahali ilipokutwa, jina lako. Iende na mzigo wa taka hatari. Usiku huu iache ilipo, na uwe umefunga mlango.